Sato afugwe kila mto? Hapa pana kazi

Ukisema sato sio wa Mwanza watu wanakushangaa, ila ndo ukweli, Ziwa Victoria aliletwa miaka ya 1950, kwao ni sehemu kama Nile na Ziwa Albert, huko chini ya maporomoko ya Murchison ya Uganda, ambayo yeye na sangara walikuwa hawawezi kuyapanda. Samaki havuki nchi kavu (kambare anajiburuza kidogo, ndo maana unamkuta karibu kila mahali), kwa hiyo kila bonde likabaki na wa kwake. Rufiji, Wami na Ruvu wana perege wa aina moja, Pangani wana wao, Malagarasi nao wana ndugu wa samaki wa Kongo kwa sababu ule mto ulikuwepo kabla ya Ziwa Tanganyika.

Sasa wafugaji wa Pwani na Morogoro wanataka sato, na mi nawaelewa kabisa. Anakua haraka, vifaranga vya madume matupu vinapatikana, wakati perege anazaa mapema wanajazana bwawani wanabaki saizi ya kiganja, na mtu kakopa hela kuchimba lile bwawa. Halafu Victoria yenyewe sato analisha watu mpaka leo.

Lakini hukohuko Victoria ngege, ndugu yake perege aliyekuwa wa asili ya ziwa lile, karibu aishe. Na bwawa la mtu likifurika masika sato yuko mtoni, anazaana na perege, na ukishapata chotara huwezi kumrudisha nyuma. Angalia mikia kwenye ndoo za wachuuzi, sato ana mistari myembamba iliyosimama mkia mzima, perege mkubwa hana, halafu unakuta mwingine mistari imekatikakatika, huyo hata muuzaji anasita kumtaja jina.

Kinachoniuma zaidi, perege wetu huyuhuyu, wa mbegu iliyotoka Zanzibar, ndo madume yake yalipandishwa na majike ya perege wa Msumbiji kwenye majaribio kule Malacca, Malaysia, majibu yakatoka 1960, watoto wote madume! Hao madume matupu tunaowafuata kwa sato walikuwemo kwa samaki wetu.

Kumkataza sato kila mahali sidhani kama inawezekana, Pangani, Wami na Ruvu keshaingia, hata Rufiji yupo. Ila kuna vijito na mabwawa ya juu hajafika, huko asipelekwe kabisa, na anayetaka kuuza vifaranga Kilombero, kwenye bonde la Rufiji, achague perege wakubwa wa hapohapo Kilombero awazalishe hao.