Damu Nzito Kuliko Maji: Je, Methali Hii Ilikatwa?

Linasambaa dai kwamba "damu nzito kuliko maji" ni kipande tu cha methali ndefu: "damu ya agano ni nzito kuliko maji ya tumbo la uzazi." Yaani waliokula kiapo wanadaiana zaidi ya waliozaliwa pamoja. Likiwa kweli, methali tunayoitumia kumkumbusha mtu nduguze ilianza ikisema kinyume kabisa.

Dai hili lina pa kushikilia. Mwaka 1885 Mmarekani Henry Clay Trumbull alichapisha kitabu kuhusu agano la damu, akaeleza kwamba kwa Waarabu damu ni nzito kuliko maziwa ya mama: waliochanjiana wako karibu kuliko walionyonya ziwa moja. Wazo la kiapo kushinda uzazi, basi, si la kubuni. Ila Trumbull analitaja ili kulitofautisha na usemi wa Magharibi, ambao kwake ni ule ule mfupi wa damu na maji. Shahidi anayeitwa kulitetea dai ndiye anayelibomoa.

Maandishi ya zamani nayo yako upande wa ukoo. Hadithi ya Kijerumani ya mbweha Reinhart, inayokadiriwa kutungwa karibu na 1180, inasema damu ya jamaa haiharibiwi na maji. Mwaka 1815 Walter Scott aliutumia usemi wenyewe katika riwaya ya Guy Mannering, kwa maana hii hii ya undugu. Sentensi ya "agano" inajitokeza mwishoni mwa karne ya 20, na walioiandika hawakutoa andiko la zamani la kuithibitisha. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba sentensi ndefu ndiyo ya kwanza. Atakaye kuhakiki atafute nusu zote mbili, "agano" na "tumbo", katika andiko moja lenye tarehe.

Kwa Kiswahili kuna jambo jingine. "Nzito" hubeba uzani na pia ule uzito wa uji. Kwa uzani, damu huyazidi maji kwa asilimia 6 hivi tu. Kwa ugumu wa kutiririka, huyazidi mara tatu hadi nne. Methali inazungumzia uzito wa uji.

Ninawaelewa walioumizwa na jamaa zao wanaoikumbatia sentensi ya agano. Lakini hawahitaji asili ya kughushi: "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" inawatosha, kama vile "mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe" inavyowatosha wa upande wa pili.

Na methali ilipotumika hadharani, ilikwenda wapi? Mwaka 1859, katika mapigano ya ngome za Taku nchini China, kamanda wa majini wa Marekani, Josiah Tattnall, aliwasaidia Waingereza ilhali nchi yake haikuwa upande wowote. Utetezi wake ulikuwa kwamba damu ni nzito kuliko maji: ahadi ya kutoingilia ikawekwa kando, damu ikatangulia.