Punda Amekwenda Kulitumikia Taifa

Wamemchukua punda. Tena. Ndugu zangu wa Dura, mji wetu huu wa mpakani mwa Roma, juu ya mto Frati, wachukuaji mnawajua: askari wa kambini. Mazizi yenu nayo matupu.

Safari hii nikasema la, mimi ni raia wa Roma. Nikavaa joho la sikukuu nikaenda kwa mheshimiwa diwani. Akanipa pole, akaniambia baraza linashughulikia raia. Punda akishabebeshwa shayiri ya farasi wa jeshi, si raia tena. Niende kambini.

Kambini! Tangu wagawe mji kwa ule ukuta wa matofali ya udongo, njia ya kwa shemeji yangu inaishia ukutani. Nikazunguka hadi langoni, jasho likiniharibia joho. Karani wa jeshi, kijana wa mji wa Palmyra, mama yake ninamjua vizuri, eti ananisemesha Kilatini. Nikajibu kwa Kigiriki. Akanuna, akakubali.

"Jina?"

"Aurelius."

Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akakunjua orodha: Aurelius, Aurelius, Aurelius. Kaisari Caracalla alitugawia uraia kwa mkupuo, na jina la ukoo wake, Aurelius, juu yake, yapata miaka 30 na ushei sasa. Ukiita Aurelius sokoni, hata mbuzi wanageuka.

"Aurelius yupi, mzee?"

"Mwenye punda."

"Punda ana alama gani?"

"Mkaidi, afande. Na kovu sikioni."

"Ah, huyo! Yuko safarini na ngamia wetu. Kamuuma mmoja."

Nikajikuta ninaona fahari. Nikajikaza. "Basi nipe stakabadhi."

"Stakabadhi ni kwa jemadari wa ukingo wa mto, kule kwenye jumba."

"Yupo?"

"Anaoga."

Anaoga! Punda yule ndiye anayenipandishia maji kutoka Frati. Leo mke wangu kapanda genge lile na mtungi kichwani, mgongo wenyewe unamuuma tangu masika, halafu mtu anaoga! Maji yamepandishwa na nani? Shayiri imelimwa na nani? Nilipaza sauti, nakiri. Mlinzi akasogeza mkuki, nikakumbuka nina shughuli nyingine mjini.

Nikarudi kwa njia ya kando ya ukuta wa mji, pale kwenye sinagogi, si wamepaka picha kuta nzima? Firauni yupo, kakaa kitini, huku mtu, huku mtu, wamesimama wanasubiri amri. Nikamkazia macho kitambo kirefu. Nusura nimuulize kama amemwona punda wangu.