Tyubu nyuma ya lenzi ya makro: dawa ya negativu au ujanja wa muda?

Anayetaka kunakili kisanduku cha negativu za babake kwa kuzilaza juu ya paneli ya mwanga na kuzipiga picha kwa kamera ya dijitali, akiwa na lenzi ya makro (ya kupiga vitu kwa karibu sana) ya zamani, tuseme Micro-Nikkor 55mm f/2.8, hukwama mahali pamoja. Lenzi hiyo peke yake inaishia ukuzaji wa 1:2, yaani taswira ni nusu ya ukubwa wa kitu chenyewe. Picha ya filamu ya 35mm, yenye upana wa milimita 36 na kimo cha 24, inaangukia kwenye kihisi, kipokea mwanga cha kamera, ikiwa na milimita 18 kwa 12. Kwa kamera ya fremu kamili (kihisi chenye ukubwa wa picha ya 35mm) yenye megapikseli 24, hapo umetumia sita tu. Zilizobaki zinapiga picha ya giza la kando.

Ushauri anaopewa ni wa aina mbili. Kuna wanaomwambia anunue tyubu ya kurefusha, kile kipande cha bomba kisicho na kioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi, mambo yaishe. Wengine wanasema tyubu inaharibu ukali wa picha na kumeza mwanga, heri auze lenzi hiyo atafute inayofika 1:1. Kila upande una hoja, lakini mabishano mengi yanahusu kioo na mwanga, ilhali kinachoharibu kazi mara nyingi ni chuma kilicholegea na rangi inayong'aa.

Tuanze na hesabu, maana wengi hununua tyubu bila kuipiga. Ukuzaji unaoongezeka ni urefu wa tyubu ukigawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Lenzi ya 55mm ikivalishwa tyubu ya milimita 27.5 inaongeza 0.5, na 0.5 yake yenyewe, inafika 1:1. Nikon walitengeneza tyubu ya PK-13 kwa urefu huo huo. Mwenye kamera ya APS-C, yenye kihisi kidogo zaidi, hahitaji kiasi hicho. Kihisi chake kina upana wa milimita 23.5 hivi, kwa hiyo fremu nzima ya 35mm inajaa akifika 0.65. Anapungukiwa na 0.15, yaani milimita nane na kitu, na tyubu ya milimita 12 inamtosha na kubaki. Wa Micro Four Thirds, aina ya kamera yenye kihisi kidogo zaidi ya hapo, hata asihangaike: kihisi chake cha milimita 17.3 kinajaa kwenye 0.48, na lenzi inafika hapo bila msaada. Seti za vipande vitatu vya 12, 20 na 36 zinamshawishi mtu avivalishe vyote. Milimita 68 nyuma ya lenzi ya 55mm zinampa ukuzaji usiopungua 1.2, na fremu nzima ya 35mm haitaingia kamwe kwenye picha moja.

Hoja ya mwanga ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba kwenye 1:1 tundu la f/8 (mlango wa mwanga ndani ya lenzi) linafanya kazi kama f/16. Lakini anayeupoteza mwanga huo ni ukuzaji wenyewe. Lenzi ya gharama inayofika 1:1 bila tyubu nayo inafifisha mwanga ikikaribia hivyo. Isitoshe, negativu haikimbii. Ongeza muda wa shata, acha ISO kwenye 100, tumia kipima muda cha sekunde mbili. Shida inayoweza kujitokeza ni mtikisiko: chumba kilicho juu ya barabara kama River Road ya Nairobi kinatetemeka matatu zikipita, na shata ya 1/8 inaunasa mtetemo huo wote. Stendi inayoshika kamera ikae juu ya meza nzito, au mwanga uongezwe mpaka shata ifike 1/125. Taa nyingi za LED za bei nafuu za Luthuli Avenue ni za kupamba duka, si za kuamua rangi ya ngozi ya mtu. Tafuta iliyoandikwa CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) 95 au zaidi. Ikiwa na betri yake, stima ikipotea katikati ya ukanda hutalazimika kuanza upya.

Hoja ya ukali wa picha ina uzito zaidi. Lenzi nyingi za makro, pamoja na hiyo 55mm f/2.8, zina vioo vinavyobadilisha nafasi kati yao unapozungusha ringi ya fokasi, ili pembe za picha zisififie ukikaribia. Tyubu inavuruga mpango huo: ringi inadhani uko 1:2 kumbe uko 1:1. Hata hivyo, ukifunga tundu hadi f/5.6 au f/8, tofauti inabaki ndogo mno kwa lenzi iliyozaliwa kuwa ya makro. Wanaopinga wanashinda mahali pengine, pale mtu anapovalisha tyubu kwenye 50mm f/1.8 ya kawaida. Lenzi hiyo haikutengenezwa kupiga kitu bapa kwa karibu. Chembe za filamu zitakuwa kali katikati na uji kwenye pembe, na kufunga tundu zaidi hakuokoi sana, kwa sababu mwanga ukipita tundu dogo mno unapinda na kulainisha picha nzima.

Sasa chuma. Kwenye 1:1, ukiwa f/8, unene unaobaki mkali kwa kiwango cha pikseli ni kama milimita 0.2 tu. Lenzi ikiinama nyuzi moja, ncha moja ya fremu ya milimita 36 inakuwa mbali kuliko nyingine kwa milimita 0.6. Nyuzi moja ni kidogo sana, na kila kiungo cha tyubu kinacholegea kinakupeleka huko. Tyubu moja ina viungo viwili, tatu zina vinne. Ndiyo maana tyubu moja ya urefu unaofaa ni bora kuliko mbili zilizounganishwa. Kupima ni rahisi: weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu, fokasi taswira ya lenzi ndani yake, kisha inamisha kamera kidogo kidogo mpaka duara la lenzi likae katikati kabisa ya skrini. Halafu shika lenzi uitikise polepole. Duara likihama, tyubu hiyo haifai. Filamu yenyewe nayo ikikunjika, hasa ya asetati (plastiki ya filamu za zamani) iliyoanza kunuka siki, milimita hizo 0.2 zinaisha kabla hujagusa kamera.

Kasoro ya pili haionekani kwa macho mpaka picha ya negativu igeuzwe, nyeusi iwe nyeupe. Tyubu nyingi za bei nafuu zina ndani inayong'aa. Mwanga wa paneli unagonga ukuta wa bomba na kurudi kwenye kihisi kama ukungu mwembamba. Katika negativu, sehemu nzito na nyeusi ndizo zinazobeba mawingu, kanzu nyeupe, gauni la bibi harusi. Ukungu ukiingia hapo, unazipandisha kuelekea kijivu, na ukigeuza picha, gauni linatoka rangi ya majivu bila mkunjo hata mmoja. Mtu atalaumu programu, ajaribu tena na tena katika darktable au Negative Lab Pro, programu za kuhariri na kugeuza negativu, kumbe kosa liko kwenye bomba. Jaribio lake: weka kipande cha karatasi nyeusi cha upana wa sentimita moja katikati ya mwanga, kipige kwa RAW (faili ghafi ya kamera) ukiwa na tyubu kisha bila tyubu, ulinganishe weusi wake. Ukipanda, paka ndani ya tyubu rangi nyeusi isiyong'aa. Velveti nyeusi ya Biashara Street inameza mwanga vizuri zaidi, lakini manyoya yake yataishia kwenye kihisi. Pia ziba kwa kadi nyeusi mwanga wote unaopita nje ya fremu, yakiwemo matundu ya kando ya filamu.

Kwa hiyo mwenye lenzi nzuri ya 1:2 asiuze. Mwenye inayofika 1:1 tayari, kwa filamu ya 35mm tyubu haimwongezei kitu, labda kama ana negativu za nusu fremu za milimita 18 kwa 24.

Kikwazo kinachosahaulika ni kwamba visanduku vya zamani vina mchanganyiko. Ukanda wa 35mm unalala pamoja na negativu za mraba za filamu ya 120, milimita 56 kwa 56. Kujaza kimo cha kihisi cha fremu kamili kwa mraba huo unahitaji 0.43. Lenzi ya 55mm yenye tyubu ya 27.5 haiwezi kushuka chini ya 0.5 hata ukiiweka kwenye alama ya mbali kabisa, hivyo kingo za mraba zitakatwa. Tyubu lazima itoke, na ikitoka, kamera inapanda, fokasi inabadilika, na kipimo cha kioo kinarudiwa upya. Mwenye APS-C na tyubu ya 12 anaepuka hilo: safu yake ni 0.22 hadi 0.72, na mraba unahitaji 0.28 tu. Wengine wapange kisanduku kwanza, wamalize 35mm zote, ndipo wafungue tyubu mara moja.