Dakika Moja ya Ukimya

Rafiki yangu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa Jumapili bado ninakula kwake, ameshatangaza kwenye makundi yote ya WhatsApp kwamba nimevuruga mazishi hapa Manchester. Hayakuwa mazishi. Ilikuwa dakika moja ya kumkumbuka mwanachama mwenzetu katika maonyesho ya chama cha treni ndogo, na marehemu alikwishazikwa siku nyingi.

Mnaonifuata mnakijua kichwa changu cha treni ya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59, nilichokiunda kwa kipimo cha 1:87 hadi mke wangu akaacha kuuliza meza ya chakula imekwenda wapi. Vile halisi, 34 kwa jumla, viliundwa mjini humu humu na kiwanda cha Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya kwetu na kwenda kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Kila kimoja kilikuwa na injini mbili zilizolishwa na boila moja, kila injini ikipumua mara nne kwa mzunguko mmoja wa magurudumu, na kwa kuwa magurudumu yao hayakuunganishwa, mara zilipumua pamoja, mara zikapishana. Mapishano hayo nimeyatia katika dekoda, yaani kidude cha umeme kinachopokea amri za rimoti na kutoa sauti, kilichofichwa tumboni mwa kichwa changu, na ndiyo niliyomwalika mzee mmoja wa Makindu, aliyewahi kuwa msaidizi wa dereva kwenye mashine hizo, aje ayasikilize.

Mzee akaketi, akatega sikio. Nikabonyeza. Kimya.

“Mwanangu, au mafuta yamekwisha?” akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko tusi.

Dawa ya dekoda iliyonuna inajulikana: kwa dekoda nyingi unaandika 8 katika kipengele cha 8 cha kumbukumbu yake, nayo inarudi kama ilivyotoka kiwandani, ikiitikia namba 3 rimoti inapoiita. Utaratibu unataka kichwa kiwe peke yake relini, maana amri ya namna hiyo haichagui. Kila dekoda iliyo kwenye reli hiyo huitii. Lakini mzee alikuwa anangoja, nikaiandika vichwa vya wenzangu vikiwa bado relini. (Wale mnaocheka tayari, subirini.)

Naeleza polepole kinachofuata, kwa sababu ndivyo kinavyonijia usiku. Mwenyekiti alipanda jukwaani, akaomba ukimya, na ukumbi mzima ukavua kofia. Nami niliinamisha kichwa, nikashusha rimoti taratibu kwa heshima zote, na kidole gumba kikatua juu ya honi. Kwenye rimoti ile honi ikishawaka haizimi hadi uibonyeze tena. Vichwa vyote vilivyokuwa mezani, vya mvuke na vya dizeli, vya Mwingereza na vya Mmarekani, sasa vikiwa namba 3 na kwa sauti ya kiwandani, vikapiga honi kwa pamoja. Nikatafuta kitufe cha kuzima, nikapata cha kengele. Nikashika kirungu cha mwendo nikidhani ninakirudisha sifuri, kumbe nimekizungusha upande wa pili, na msafara wote ukaanza kuondoka ukihema. Mtu mmoja mwenye akili timamu akachomoa plagi. Vikanyamaza vyote isipokuwa kimoja: Garratt yangu, ambayo niliifungia kapasita kubwa ya kutunza umeme ili isikatike sauti penye reli chafu, ikaendelea kupiga honi peke yake gizani mwa handaki, na watu wakageuka mmoja mmoja kumtazama mwenyewe.

Mengineyo ni mafupi. Dakika ilianzishwa upya, nikaomba radhi kwa familia, na jioni yote nikarudishia vichwa vya watu namba zao. Mzee alisema honi ilikuwa yenyewe kabisa, ila mpigaji angefukuzwa kazi kabla ya kufika Athi River. Dizeli ya katibu tumeisahau kwenye namba 3, kwa hiyo kila ninapoiondoa Garratt stesheni, nayo inatoka karakana na kuifuata.