Maji ya Pangani yakifika baharini hayajapotea

Kila mjadala wa Mto Pangani unapopamba moto, hakosi mtu wa kusema kwamba maji yanayomwagika baharini yamepotea bure. Watu wa umeme wanayataka. Wenye mpunga na miwa huko juu Moshi wanayataka, na miji inayokua nayo inayataka. Bahari haina mjumbe kwenye vikao hivyo. Mimi ni mtu wa Tanga na mla dagaa, na naona hesabu hiyo imeruka kitu kimoja kikubwa: silika.

Silika ndiyo hiyo hiyo ya mchanga na kioo. Mvua ikipiga miamba ya volkeno ya Kilimanjaro na Meru, mwamba unalika kidogo kidogo na silika inateremka na mto, imeyeyuka, huioni wala huionji. Huku chini inasubiriwa na daiatomu, vimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo kila kimoja hujijengea gamba la kioo. Udogo wao usikudanganye, maana takriban moja ya tano ya usanisinuru wote duniani hufanywa na daiatomu. Wadudu wa majini wanazila, na dagaa wanawala wadudu hao.

Bahari yetu ni nzuri kwa macho lakini haina rutuba nyingi. Yale maji maangavu ya nje ya Kigombe, ambayo wageni hawaachi kuyapiga picha, yanang'aa kwa sababu vinavyoota ndani yake ni vichache. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki unapita hapa kuelekea kaskazini ukiwa na maji ya juu ya uvuguvugu. Chini kabisa, kati ya Tanga na Pemba ambako kina ni mamia ya mita, kuna maji baridi yenye rutuba, ila hayapandi kirahisi. Kule Somalia kusi huyapandisha kwa nguvu, ndiyo maana bahari yao ina rutuba kuliko yetu.

Kwenye bahari ya namna hii kila kidogo kinatumika na kutumika tena. Mdudu akila kimea, anachokitoa kinavunjwa na bakteria, na baada ya siku chache naitrojeni na fosforasi zimeshachukuliwa na kimea kingine, bado juu kwenye mwanga. Naitrojeni ina hata mlango wa nyuma: kaskazi maji yakitulia huota Trichodesmium, bakteria wanaoelea juu ya maji kama vumbi la mbao na kuvuta naitrojeni ya hewa. Silika haina mlango huo. Gamba la kioo haliyeyuki upesi, na sehemu kubwa ya silika yake hurudi majini likiwa limeshazama gizani. Kila mzunguko, juu panabaki naitrojeni na panapungua silika. Na daiatomu haidanganyiki: kwa kila atomu 16 za naitrojeni inataka takriban 15 za silikoni, ambayo ndiyo kiini cha silika, na moja ya fosforasi. Silika ikikatika, mbolea iliyobaki inachukuliwa na vimea visivyojenga kioo, na baadhi yake vina sumu.

Waliozoea kuchokoa pweza wakati wa bamvua wamewahi kuishika silika hii kwa mikono yao bila kuijua. Kuna sifongo ambazo ukizigusa mwambani vidole vinawasha na kuchomachoma mpaka ukome. Vile vijiti visivyoonekana ni kioo, sifongo imekijenga yenyewe kwa silika iliyoichuja majini. Kwa hiyo hata mwambani kuna wadai.

Sasa njoo kwenye bwawa. Nyumba ya Mungu, bwawa la Mto Pangani huko juu, limekuwepo tangu miaka ya 1960. Mto ukisimama, tope linatuama, maji yanatakata, mwanga unaingia, na daiatomu za maji baridi zinaota humo humo, zinakufa na kuzama na silika yao. Mita za ujazo zinazotoka zinaweza kuwa zile zile kwenye daftari, ila mzigo umepungua.

Misri waliliona hili kwa ukali zaidi. Mafuriko ya Nile yalikuwa yakichanua daiatomu kwenye Mediterania ya mashariki, bahari maskini kuliko hata yetu, na dagaa wa sadini wakijaa mdomoni mwa mto. Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kujazwa mwaka 1964 mafuriko yalikoma. Sadini waliovuliwa walishuka kutoka takriban tani 18,000 mwaka 1962 hadi chini ya tani 1,000 mwishoni mwa muongo huo. Miaka ya 1980 uvuvi ulianza kuinuka, na watafiti wengine wanasema ni kwa mbolea za mashamba na majitaka ya miji. Hizo zinaleta naitrojeni na fosforasi. Silika hazileti, na mimi sitaki bahari ya Tanga ilishwe kwa majitaka.

Sisemi bwawa livunjwe. Umeme nautumia hata ninapoandika haya. Wala simwondolei lawama mpiga baruti, ambaye kwa matumbawe yetu amekuwa adui wa karibu zaidi. Ila Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliyaweka mazingira nafasi ya pili, baada tu ya mahitaji ya msingi ya binadamu, na mdomo wa mto ni sehemu ya mazingira hayo. Nataka kiwango cha maji ya kufika Pangani mjini kipangwe kwanza, kabla ya vibali vipya vya umwagiliaji. Na wanaochota maji pale mtoni kupima chumvi wapime na silika, juu ya Nyumba ya Mungu na chini yake, masika na kiangazi, kisha takwimu zibandikwe mnadani ambako wavuvi watazisoma.