Nani Alivifunga Vyuma vya Bweni?

Machi 2001, wavulana 67 wa shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, waliteketea bwenini. Moto uliwashwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Septemba 2024 likaungua bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Lilikuwa la mbao, wakilala humo wavulana 156. Waliokufa ni 21.

Kila moto ukizimwa, wa kwanza kunyoshewa kidole ni mwalimu mkuu. Nimewahi kumtetea, na kwa kiasi fulani bado namtetea. Vyuma alivifunga baada ya magodoro kuibwa, au baada ya vijana wa kidato cha tatu kuruka dirisha usiku na asubuhi yake mzazi kufika ofisini akifoka: mwanangu alitokaje? Mwizi huja kila muhula. Moto huenda usije kabisa hadi yeye astaafu. Halafu kuanzia 2018 serikali ilisisitiza kila aliyefanya mtihani wa darasa la nane, uliofanywa mara ya mwisho 2023, aingie sekondari. Sera njema, ila wanafunzi walifika kabla ya mabweni, na fedha za serikali hufika kwa kuchelewa. Serikali iliyoandika mita 1.2 ndiyo hiyo hiyo iliyomletea mwalimu mkuu watoto wasioweza kuenea humo.

Lakini utetezi wangu unafika hapo tu. Kukata vyuma vya dirisha ni kazi ya fundi wa kuchomelea, mchana mmoja. Kugeuza mlango ufunguke kwa nje ni kazi ya seremala. Kutofunga kufuli kwa nje hakugharimu hata senti. Msongamano ni deni la wizara. Kufuli ni la mwalimu mkuu na bodi yake, na ufukara wa shule hauwezi kulifuta.

Na wakaguzi je? Baada ya Endarasha, serikali iliagiza sehemu za bweni katika shule 348 za msingi zifungwe. Mabweni hayo hayakuharibika wiki ile. Yalikuwapo, yakijulikana, na mengine yalikuwa na sahihi ya ofisi fulani. Kufunga kwa haraka nako kuna wanaoumia: kwa mfugaji wa Turkana au Marsabit anayehama na mifugo, bweni ndilo shule yenyewe, na likifungwa mtoto hurudi kuchunga mbuzi. (Mzazi wa Nairobi anayempeleka bweni mtoto wa gredi ya kwanza ili yeye mwenyewe apumue, huyo ana maswali yake ya kujibu.) Agizo la kufunga lisilosema watoto wataenda wapi ni kazi iliyoachwa nusu.

Ningeanza na karatasi moja mlangoni pa kila bweni: vitanda vinavyoruhusiwa, tarehe ya ukaguzi, jina la aliyekagua. Mzazi anayeleta sanduku Januari ataisoma kabla ya kulipa karo, kisha ahesabu vitanda mwenyewe.