Ba'mdogo, hiyo X haimfukuzi Kristo

Desemba ikiingia tu, ba'mdogo wangu wa Igoma huanza kazi. Ujumbe hatungi yeye, anausambaza kwenye kundi la ukoo na chini yake anaongeza "Amkeni!" Mwaka jana alifungua na ule wa "Xmas", kifupi cha Krismasi kwa Kiingereza, ati X imewekwa makusudi kumfuta Kristo. Nikampigia, nikamwamkia, ndipo nikamweleza kwamba ile ni herufi ya Kigiriki iitwayo khi, ya kwanza katika neno Khristos, na Wakristo wenyewe waliitumia kama kifupi tangu zamani za kuandika kwa mkono. Akanyamaza kidogo. "Sawa mwanangu, na tarehe je?"

Kwenye tarehe ndiko kwenye utamu. Biblia haitaji siku wala mwezi wa kuzaliwa Yesu; Luka anasema tu wachungaji walikuwa makondeni usiku. Ba'mdogo anashikilia kwamba 25 Desemba iliibwa kwa waabudu Jua wa Roma. Ni kweli Kaizari Aurelian aliikweza ibada ya Jua mwaka 274. Lakini ushahidi unaotegemewa sana ni kalenda moja ya Roma ya mwaka 354, na humo zimo zote mbili: kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", yaani Jua, na kuzaliwa kwa Kristo, siku ileile. Wapo wanazuoni wanaoeleza kwa hesabu: Wakristo wa kale waliamini mimba ya Yesu ilitungwa 25 Machi, ongeza miezi tisa. Nani alimwiga nani, wanabishana mpaka leo. Anayekuandikia "imethibitishwa" naye katumiwa ujumbe tu.

Uongo wa aina hii ndio unaonikera, unaokuja umevaa joho la kuumbua uongo. Kama ule wa Coca-Cola kumvika Baba Krismasi nguo nyekundu. Matangazo yao maarufu yalianza 1931. Mzee alishachorwa na nyekundu yake karne ya 19. Basi.

Ajabu ni kwamba ba'mdogo hajawahi kuuliza kuhusu wafalme watatu. Kila igizo la watoto huwaleta zizini na taji zao za maboksi. Mathayo anasema mamajusi, wale wasomaji nyota wa mashariki, si wafalme. Zilizokuwa tatu ni zawadi: dhahabu, uvumba na manemane, wao hakuwahesabu. Na walimkuta mtoto nyumbani. Sisi wa Mwanza tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili, maana kanisa kuu letu pale Bugando linaitwa la Epifania, sikukuu yenyewe ya hao mamajusi, na huadhimishwa Januari. Tunapita mlango ule, kisha tunawapanga msitari mmoja na wachungaji. Igizo nalipenda hivyohivyo, lakini. Mpwa wangu alikuwa Baltazari, mmoja wa hao "wafalme", na aliangusha manemane mara mbili.

Theluji nayo tunaibandika kwenye mti, huku nje mvua inanyesha na jasho linatoka. Mama hununua pamba duka la dawa, rola nzima. Usukumani hatujawahi kukosa pamba, na kuhusu theluji hii ba'mdogo hajatuma ujumbe.

Juzi katuma mpya: Boxing Day ni siku ya ngumi. Jina linatokana na maboksi ya zawadi ambayo Waingereza waliwapa watumishi wao, lakini sijamjibu. Siku hiyo ana tiketi ya pambano.